Kaka Alichomelea Mlango na Mama Yumo Ndani

Kaka yangu alichomelea mlango wa nyumba yetu mchana kweupe, mama akiwa ndani.

Simaanishi alitia kufuli. Alichukua mashine ya kuchomelea, akavaa kinyago, akaunganisha mlango wa chuma na fremu yake kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayeziba tangi la maji lisivuje.

Majirani walipanda juu ya kuta zao wakakaa wanatazama. Wengine walikuja na viti.

Mpaka yanaisha, mtu mmoja alikuwa amevunjika mkono, mimi nimechanika paja, kaka hana ngozi viganjani, na ile nyumba tuliyokuwa tunaigombania inafuka moshi madirishani.

Ngoja niwape mkasa mzima. Atakayesema nimetunga, shauri yake.

Sisi ni watu wa chuma. Marehemu baba alikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, grili za madirisha, vitanda, madawati ya shule. Karakana yake iko barabarani, inatazamana na kituo cha mafuta. Nyumba aliijenga mtaa wa nyuma yake.

Baba aliogopa wezi kuliko alivyoogopa kifo. Kila tundu la nyumba ile alilitia chuma. Mlango wa mbele chuma, wa nyuma chuma, madirisha yote nondo nene za mraba. Watu walitutania kwamba hata mbu akija kwetu lazima apige hodi.

Alituzaa wawili tu, kaka na mimi.

Mimi ni mwanamke, na ninachomelea. Mafundi wananiita Dada Fundi. Wateja wapya hunipita nimeshika nyundo mkononi, wakaenda ndani kumtafuta fundi, mpaka waelekezwe kurudi.

Kaka hakuupenda moshi tangu mdogo. Baba alipofariki akashika kampuni, akanunua kiti cha kuzunguka, na tangu hapo mtaa mzima unamwita Bosi. Jina likamkolea.

Bosi akachukua kazi ya kujenga maghala, kazi iliyotuzidi kimo. Akakopa. Akaweka karakana dhamana, kisha akamwomba mama aweke na nyumba, maana baba aliiandikisha kwa jina la mama. Mama akatia sahihi. Mwenye maghala akatoweka kazi ikiwa nusu. Vyuma vimeshanunuliwa, mafundi wanadai, benki inadai.

Maji yakazidi unga. Mwisho wa yote mahakama ikatangaza kwamba tumefilisika.

Mahakama ikatuletea mfilisi, yule mtu anayeteuliwa kusimamia mali ya aliyefilisika na kuwagawia wadai. Alikuwa mama mmoja wa makamo, sauti ndogo, amevaa suti nzuri na miguuni raba. Alikaa sebuleni kwetu akapewa chai.

"Wadai wamekubali jambo moja," akasema. "Kimoja kiuzwe, kimoja kibaki. Mkitaka nyumba, karakana na mashine zake zinakwenda. Mkitaka karakana, nyumba inakwenda. Vyote viwili haiwezekani. Kaeni kama familia, mniletee jibu."

Bosi hata chai hakuimeza vizuri. "Nyumba ya baba haiuzwi."

"Na tutakula nini, matofali?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo unataka mama akalale kituo cha mafuta?"

"Nani kataja kituo cha mafuta? Karakana ikiuzwa, huyo mama utamlisha nini?"

Mama akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa nasema kwamba..."

"Mama, tulia kwanza," Bosi akamkata. "Sisi tuko hapa kwa ajili yako."

Na mimi, nisije nikaonekana mtoto mbaya, nikadakia, "Ngoja kidogo mama. Huyu kanikosea adabu mbele ya mgeni, lazima nimjibu."

Mama akakichukua tena kikombe chake. Yule mfilisi akamtazama kwa muda, kisha akainama akatazama raba zake.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Bosi alikuwa anaona aibu. Mkewe alishasoma dalili mapema, akachukua watoto akaenda kwao. Marafiki wa kiti cha kuzunguka walikuwa wameacha kupokea simu. Kilichobaki cha kumfanya ajione mtu ni ile nyumba na geti lake refu. Mimi nilikuwa naitaka karakana kwa sababu ndiyo maisha yangu. Nilijifunza kutembea nikishikilia mguu wa meza ya vyuma.

Lakini midomoni mwetu wote wawili jina lilikuwa moja tu. Mama, mama, mama.

Kesho yake nilikuwa nimepiga goti karakana, nachomelea mguu wa kitanda, mara umeme ukakatika. Nikanyanyua kinyago nione kuna nini. Bosi alikuwa amesimama juu yangu, waya ameshika mkononi.

"Umempigia mfilisi simu," akasema.

"Nimempigia. Nimemwambia ninachotaka."

Akanizaba kofi, kinyago kikaruka mpaka chini ya benchi.

Mkononi nilikuwa bado nimeshika kijiti cha kuchomelea, ncha yake nyekundu. Sikufikiri. Nikamgusa nacho kwenye mkono, ngozi ikalia kama kitunguu kwenye mafuta. Akapiga yowe, akaokota bomba, akanitandika nalo mbavuni.

Nikaanguka. Akalinyanyua mara ya pili. Mafundi wakamrukia, mmoja akamkaba shingo, wengine wakamshika miguu, wakamburuta mpaka nje barabarani.

"Nitakuua kabla hujaiuza nyumba ya baba," alikuwa anapiga kelele. Watu wa kituo cha mafuta waliacha kujaza magari wakawa wanatuangalia.

"Ua," nikamjibu nimelala chini. "Ua, halafu ukae humo na maiti yangu."

Jioni mama akanikanda mbavu kwa maji ya moto.

"Mnanimaliza nyie," akasema.

"Usiwe na wasiwasi mama. Nitakupangia chumba kizuri. Hutalala nje mimi nikiwa hai."

Akachovya kitambaa, akakamua, akaendelea kukanda.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe yule bwana alikuwa anapiga hesabu zake kichwani. Kama mashine hazipo, atakayechagua karakana atachagua nini?

Alikuja mchana mafundi wameenda kula, nimebaki mimi peke yangu nasafisha vifaa. Alikuwa na ile nyundo kubwa ya kuvunjia zege. Hakusalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye mashine kubwa ya kuchomelea, ile aliyoinunua baba mwenyewe, akaishushia nyundo tumboni.

Nilisikia maumivu kana kwamba kanipiga mimi.

Akapiga tena. Bati likajikunja, nyaya za shaba zikatoka nje. Akaigeukia mashine ya kukatia vyuma, akavunja gurudumu. Nikamrukia mgongoni nikamng'ata sikio, na hilo sijutii mpaka leo. Akanibwaga juu ya benchi, jino likatoka, mdomo ukajaa damu. Nikashika nondo fupi iliyokuwa karibu, nikampiga nayo kwenye goti, akaanguka. Akanishika nywele, nikamshika koo. Tukabiringishana kwenye vumbi la chuma, watu wazima, watoto wa tumbo moja, kila mmoja anatafuta mahali laini pa mwenzake.

Mafundi walipotukuta tulikuwa tumechoka, tumelala ubavu kwa ubavu tunahema.

"Sasa chagua karakana," Bosi akaniambia, anacheka na damu puani. "Chagua basi."

Baba angefufuka siku ile, angetuchomelea midomo wote wawili.

Polisi hatukuita. Tulisema ni mambo ya ndani, aibu isitoke nje. Aibu gani, na mtaa mzima ulikuwa unajua.

Siku zilizofuata nilizimalizia kwenye ile mashine. Nilinyoosha bati, nikaunga nyaya, nikabadilisha nilichoweza kubadilisha. Bosi naye alikuwa kijiweni anakusanya ushauri. Na kijiweni kama mjuavyo, kila asiye na kazi ni wakili. Mmoja wao akamwambia kwamba nyumba yenye mtu ndani, tena mjane, hakuna dalali duniani anayeweza kuigusa. Mradi mjane asitoke.

Mtu mwingine angeambiwa hivyo angemsihi mama yake abaki ndani. Lakini sisi ni watu wa chuma. Kwetu kila tatizo dawa yake ni kuchomelea.

Asubuhi moja simu yangu ikaita. Alikuwa fundi cherehani, jirani yetu wa siku nyingi, duka lake linatazamana na geti letu.

"Dada Fundi, uko wapi?"

"Niko kazini. Kuna nini?"

"Kaka yako anamziba mama yenu kama mtungi wa gesi. Na kuna lori hapa nje. Njoo, mambo yameharibika."

Nikashika grainda, ile mashine ndogo ya umeme ya kukatia chuma, nikakimbia na kandambili za kazini.

Nilikuta lori limesimama mbele ya geti, dereva amejifungia ndani ya kabini. Vijana wawili wa kubeba mizigo walikuwa chini. Mmoja alikuwa anarusha mawe juu ya ukuta. Mwenzake alikuwa amekaa kwenye vumbi, kaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Alikuwa amepanda ukuta kuchungulia ndani. Bosi akamkaribisha kwa bomba.

Geti lilikuwa limechomelewa kutokea ndani. Nyuma yake nilisikia jenereta linanguruma, maana umeme wa nyumba ulishakatwa.

"Mwambieni dalali wenu aje mwenyewe," Bosi alikuwa anapiga kelele upande wa pili.

"Dalali gani wewe mwehu," yule mrusha mawe akajibu, "sisi tume..." Sikusikia alichomalizia, jenereta lilimeza.

Na mimi niliamini ni watu wa dalali. Niliwaonea huruma kidogo, lakini kidogo tu.

Nikapanda ukuta kwa mgongo wa jirani mmoja. Juu baba alikuwa amepanda vipande vya chupa, kwa ajili ya wezi wale wale. Kimoja kikanipasua paja. Nikaanguka uani na damu yangu, grainda nimeikumbatia kama mtoto.

Bosi alikuwa anatoka kumalizia mlango wa mbele. Mlango wa nyuma alishauziba zamani. Alikuwa ameinua kinyago kichwani, macho mekundu, anatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Umechelewa," akasema. "Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka."

Nilienda kwenye jenereta nikalizima.

Pakawa kimya. Na kwenye kile kimya tukasikia mlango unagongwa kutoka ndani. Kugonga kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Kisha kikohozi.

"Washa hiyo," Bosi akasema.

"Mama anakohoa."

"Vumbi hilo. Washa."

"Bosi, mama anakohoa."

Akanijia na bomba. Akanilenga nalo kichwani, nikainama, likapiga nguzo ya baraza, plasta ikadondoka. Akalinyanyua tena. Nikainua grainda kwa mikono miwili nikamshushia begani kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukilia. Bomba likamtoka, akapiga magoti palepale mbele ya mlango.

Alipopiga magoti ndipo macho yake yakakutana na upenyo wa chini ya mlango.

Moshi mweusi ulikuwa unatoka pale.

Wanaochomelea wanajua. Cheche haina adabu, inapita popote penye upenyo. Alipokuwa anashona mlango ule kwa nje, upande wa ndani cheche zilikuwa zinanyesha. Na nyuma ya mlango ule palikuwa na godoro la mama limekunjwa na kufungwa kamba. Godoro la sponji.

Bosi aliurukia mlango. Chuma bado kilikuwa cha moto, ngozi ya viganja ikabaki pale kwenye mshikio. Akavuta. Akaupiga teke. Akaupiga na bega lile lile nililomvunja, akapiga kelele, akaupiga tena.

Mlango haukutikisika. Tangu utotoni nilikuwa namcheka kwamba hajui kuchomelea. Siku ile alikuwa amechomelea vizuri kuliko siku zote za maisha yake.

"Mama," alikuwa anaita. "Mama, fungua."

Afungue nini.

"Acha mlango, hautoki huo," nikamwambia. "Dirishani. Twende dirisha la chumbani."

Nikaliwasha jenereta, nikavuta waya wa grainda mpaka pembeni ya nyumba. Nikapiga kelele, "Mama, njoo chumbani kwako, funga mlango nyuma yako, lala chini." Sikujua kama amesikia. Nikaanza kukata.

Nondo za baba. Wateja wetu tuliwaambia kwamba mwizi atachoka kabla grili haijachoka, na haikuwa maneno ya biashara. Kila nondo ilikula muda ambao mama hakuwa nao. Na grili ikianza kulegea inatikisika, sahani ya grainda inabanwa, ikipasuka inakuingia usoni. Lazima mtu aishikilie.

Bosi akaja akaishikilia. Kwa viganja vile. Nondo inayokatwa inawaka moto, na yeye mkono mmoja ulikuwa haunyanyuki, lakini alishika.

"Vuta kwako," nikamwambia.

"Navuta."

"Usiachie."

"Kata wewe. Kata."

Tangu baba afariki hatukuwa tumefanya kazi pamoja. Kwa nyuma majirani walikuwa wanamwaga ndoo za maji juu ya ukuta, nyingi zikituangukia sisi. Dereva wa lori alikuwa ameshuka, akafunga kamba ya chuma kwenye geti, akaling'oa kwa lori pamoja na nguzo yake. Watu wakaingia uani kama mafuriko.

Kona ya grili ikafunguka. Bosi akaikunja kwa uzito wa mwili wake mzima. Nikaingiza kichwa ndani, sikuona kitu, nikapapasa, nikashika kitambaa, kisha mkono. Nikavuta.

Mama akatoka kwa dirisha lile akiwa anakohoa masizi, akatuangukia mikononi.

Hapo ndipo niliposhangaa. Mama alikuwa amevaa nguo za kutokea. Viatu amefunga kamba. Mkoba begani.

Bosi alikuwa amemkumbatia miguu, analia kama mtoto mchanga. "Mama nisamehe. Nilikuwa nakulinda. Hawa mbwa wa dalali walitaka kukutoa."

Mama alitema mate meusi, akapangusa mdomo. Hakumtazama yeye, wala hakunitazama mimi.

"Yuko wapi yule kijana?" akauliza.

"Kijana gani, mama?"

"Wa lori."

Akajinasua. Akatembea anapepesuka, akapita katikati ya watu, akatoka mahali palipokuwa na geti. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule mbeba mizigo aliyevunjwa mkono.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia. "Nilikuambia ungenikuta getini. Nilichelewa kufunga mizigo."

Yule kijana alikuwa anatiririka jasho la maumivu. "Mama," akasema, "ungenitahadharisha kwamba una watoto wa namna hii."

Bosi alikuwa amefika nyuma yetu. "Mama, unawajua hawa?"

"Nimewakodi mimi."

"Na dalali?"

"Dalali gani? Hapakuwa na dalali. Nahama."

Sikumbuki nani aliyecheka kwenye umati, lakini kuna mtu alicheka, kisha akanyamazishwa.

Tukayapata yote hapohapo barabarani, moto unazimwa nyuma yetu. Mama alikuwa ameenda kwa mfilisi peke yake, kwa miguu, kesho yake tu baada ya mimi kuvunjwa jino. Nyumba ni jina lake, uamuzi ulikuwa wake, sahihi iliyohitajika ilikuwa moja. Yule mama wa raba alimvutia kiti akamuuliza, wewe mwenyewe unataka nini?

"Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza," mama akasema.

Akamwambia nyumba iende, karakana ibaki. Akatafuta chumba, akakipata uani kwa fundi cherehani, kule nyumbani kwake mtaa mwingine, akamwapiza asiseme. Fundi cherehani tulipomgeukia alijifanya anatafuta sindano chini.

"Lakini mama," Bosi akasema, "nyumba ya baba."

"Ya baba yenu, ndiyo. Mimi nilikuwa naifagia." Mama akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Aliyeifagia nyumba ndiye anayejua ukubwa wake. Magoti yangu yameishia mle. Baba yenu, Mungu amrehemu, alitia chuma kila mahali. Maisha yangu yote ya ndoa jua nimeliona kwa vipande vipande. Nilitaka mahali nikifungua dirisha nitoe mkono nje."

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza mimi.

Akanitazama, kisha akamtazama Bosi. Paja langu linavuja, bega lake limelala, viganja vyake vinaning'inia ngozi.

"Ningewaambia saa ngapi? Kila nikifungua mdomo mnapigana kwa ajili yangu. Nikasema ngoja nitoe vitu vyangu, mkikuta nyumba tupu labda mtachoka."

Bosi akakaa chini palepale. Polisi walipokuja walimkuta bado amekaa, hakubisha, akanyoosha mikono mwenyewe wakashindwa waifunge pingu wapi.

Alifungwa. Kwa kumvunja kijana wa watu mkono, na kwa kumfungia mama mle ndani. Mama alimwomba hakimu amhurumie, hakimu akamhurumia kidogo. Gerezani wamemweka karakana ya chuma. Anachomelea vitanda vya wafungwa, na anasema kazi imeanza kumkubali. Mama humtembelea, na mimi nikienda huwa tunaongea habari za vijiti na mashine, mengine tunayaacha.

Yule mbeba mizigo mkono wake ulipona vibaya, haubebi tena mizigo mizito. Nilimpa kazi ya kupiga rangi mageti. Ana mkono mzuri wa rangi, ingawa kila nikinyanyua nyundo karibu yake anasogea pembeni.

Nyumba iliuzwa na masizi yake. Aliyeinunua, jambo la kwanza alilofanya ni kung'oa grili zote. Akazileta kwetu kama vyuma chakavu, hakujua sisi ni nani. Nikazipima, nikamlipa, nikaenda chooni nikalia.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Ila hawakutuambia kwamba kila fahali, ukimuuliza, atakuapia kwamba anazipigania nyasi zenyewe.

Ningependa niwaambie nilijifunza siku hiyohiyo. Sikujifunza. Karakana ilipoanza kusimama tena, nilienda chumbani kwa mama nimejaa furaha.

"Mama, nimepata kiwanja. Nakujengea nyumba. Nimeshaongea na fundi mwashi, vyumba vitatu, sebule..."

Mama alikuwa dirishani, mkono nje, anamwagilia ua lake kwenye kopo. Akageuka akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Umeanza," akasema.

Nikakaa kitandani. Swali jepesi, lakini lilinitoka kwa shida kama jino lile.

"Mama, wewe unataka nini?"

Akafikiri. Hakufikiri sana.

"Komeo," akasema. "La mlango huu limelegea. Nataka zuri, liwe kwa ndani. Nifunge mwenyewe, nifungue mwenyewe."

Nilirudi karakana nikalitengeneza kwa mikono yangu. Nililipiga msasa mpaka likawa laini, jepesi kwa vidole vyenye baridi yabisi. Nikalifunga mlangoni, mama akanisukuma nje nisimame barazani.

Nikasikia amelifunga. Akalifungua. Akalifunga tena.

Nikataka kumuuliza kama liko sawa, nikajizuia. Nikakaa kwenye kizingiti, nikasubiri afungue atakapotaka.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ambaye leo unampigania mtu hadi unamwaga damu, iwe mama, iwe mke, iwe mtoto, weka silaha chini kidogo umuulize anataka nini. Na akianza kujibu, nyamaza amalize.